Uchambuzi wa kisa: usaili wa msaidizi wa ghala Kigoma, na swali moja lililoshusha alama

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wanaojiandaa na usaili wa kazi za ghala, ugavi na ugawaji wa misaada, ingawa sehemu kubwa inamfaa yeyote aliyeitwa kwenye usaili. Jina la msailiwa, taasisi, kituo cha kazi na tarehe vimeondolewa. Msailiwa tunamwita T. Namba za mtihani zimebadilishwa ili karatasi isitambulike, lakini njia ya kuzikokotoa ni ileile.

Msailiwa na nafasi

T. ni mwanamke wa miaka 27, mzaliwa wa mkoa wa Kigoma, mkazi wa Tabora. Ana stashahada ya ununuzi na ugavi. Kwa misimu miwili alikuwa karani wa ghala kwenye chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa tumbaku: kupokea mabelo (marobota ya tumbaku), kuyapima, kuandika leja na kusimamia upakiaji wa malori ya kwenda Morogoro kwenye usindikaji. Msimu ukiisha, kazi nayo inaisha.

Nafasi aliyoomba ilikuwa ya msaidizi wa ghala kwenye shirika lisilo la kiserikali linalohudumia kambi za wakimbizi mkoani Kigoma. Ghala lenyewe lilihifadhi unga wa lishe, mafuta ya kula, sabuni na mablanketi. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja. Tangazo lilitaja majukumu saba, likadai uzoefu wa miaka miwili, Excel, Kiswahili na Kiingereza, kisha likaongeza kuwa Kirundi au Kifaransa ni sifa ya ziada. Mstari wa mwisho ulisema kila mtumishi wa shirika anafungwa na kanuni za maadili na ulinzi wa wanufaika. Wengi huuruka mstari huo wakidhani ni mapambo ya tangazo. T. aliuruka pia.

Barua pepe ya wito iliingia Jumatano jioni: usaili Jumanne saa mbili na nusu asubuhi, mjini Kigoma. Mtihani wa maandishi, zoezi la kompyuta, kisha mahojiano, vyote siku hiyohiyo.

Siku tano za maandalizi

Uamuzi wake wa kwanza ulikuwa mzuri kuliko yote. Badala ya kutafuta mtandaoni "maswali 50 ya usaili na majibu yake", alichukua tangazo na kuchora jedwali la safu tatu: jukumu lililotajwa, jambo alilowahi kufanya linalolingana nalo, na swali ambalo jopo linaweza kuliuliza hapo. Majukumu matano kati ya saba alikuwa na la kuandika. Mawili yalibaki wazi: kusimamia bidhaa zenye tarehe ya kuisha, na kutoa taarifa kwa mfumo wa shirika.

Pengo la kwanza alilijaza kwa kusoma. Tumbaku haina tarehe ya kuisha iliyochapwa, hivyo kule ushirika walizoea kutoa kwanza kilichoingia kwanza. Kwenye ghala la lishe kanuni ni tofauti kidogo: kinachokaribia kuisha ndicho kinachotoka kwanza, hata kama kiliingia jana. Shehena iliyofika Machi inaweza kuisha muda kabla ya iliyofika Januari. Mtu anayejibu kwa mazoea ya "cha kwanza kuingia" anajidhihirisha mapema kuwa hajawahi kufikiria chakula.

Kwa yale matano alitayarisha visa vinne vya kweli kutoka ushirika, kila kimoja kwa mpangilio mmoja: hali ilikuwaje, yeye alitakiwa afanye nini, alifanya nini hatua kwa hatua, ikawaje mwisho. Alivisema kwa sauti huku simu ikirekodi. Kisa cha kwanza kilichukua dakika nne na nusu, na karibu tatu kati ya hizo zilikuwa za kueleza ushirika ni nini na soko la tumbaku linaendeshwaje. Akakifupisha hadi dakika mbili, sehemu kubwa ikiwa ni hatua alizochukua mwenyewe. Pia alisikia jinsi anavyosema "tulipima", "tukaona", "tukaandika" kila mahali. Jopo haliwezi kumpa alama mtu anayejificha ndani ya "sisi", kwa sababu karatasi ya alama ina jina moja juu yake.

Kompyuta hakuwa nayo. Alilipia saa mbili kwenye steshenari, siku mbili mfululizo, akafanya mazoezi ya Excel kwa kibodi halisi, maana vidole vilivyozoea simu huwa vizito mbele ya kompyuta.

Nyaraka zilimpa shughuli. Jina lake la kati lilikuwa na herufi moja tofauti kati ya cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha Taifa. Ijumaa alikwenda kwa wakili akapata hati ya kiapo inayosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja. (Anayekwenda kwenye usaili wa utumishi wa umma aisome barua ya wito neno kwa neno kuhusu jambo hili. Huko tofauti ya majina inaweza kumzuia mtu mlangoni, na hati za matokeo ya muda hazichukui nafasi ya cheti.) Vyeti halisi alivipanga kwa mfuatano wa tangazo, na nakala seti tatu.

Safari ilikuwa uamuzi mfupi. Treni ya wiki hiyo ingemfikisha Kigoma asubuhi ya siku yenyewe kama ingefuata ratiba. Akapanda basi Jumapili, akalala kwa shangazi yake huko Mwanga, palepale mjini Kigoma. Jumatatu mchana alichukua bodaboda kwenda kuona jengo, akakuta usaili haufanyikii ofisini bali kwenye ukumbi wa jirani. Mlinzi ndiye aliyemwambia, na barua pepe haikusema.

Mtihani wa maandishi

Walioitwa walikuwa tisa. Mtihani ulikuwa wa saa moja, na swali lililobeba alama nyingi lilikuwa hili:

*Kadi ya ghala inaonyesha salio la mifuko 420 ya unga, kilo 50 kila mmoja. Umepokea mifuko 300, kati yake 6 imechanika na imewekwa pembeni. Umetoa mifuko 385. Mwisho wa siku umehesabu mifuko mizima 326. Eleza hali ya ghala na hatua utakazochukua.*

Hesabu ni nyepesi: 420 kujumlisha 300, kutoa 385, kadi inatakiwa kusoma 335. Mtego uko kwenye ile sita. Mtu akilinganisha 335 na 326 anasema imepotea mifuko tisa. Lakini mifuko sita iliyochanika bado imo ghalani. Kwa hiyo vilivyopo ni 332, na upungufu ni mifuko mitatu, yaani kilo 150. Juu yake kuna upungufu mwingine ambao haujulikani mpaka upimwe: unga uliomwagika kutoka kwenye ile sita. Mfuko uliochanika unahesabika kama mfuko, lakini uzito wake si kilo 50 tena.

T. alipata jibu sahihi, upungufu wa mifuko 3. Majibu yake ya hatua yalikuwa na mpangilio wa mtu aliyewahi kukosa usingizi kwa ajili ya leja: kuhesabu upya akiwa na mtu wa pili, safu kwa safu, kupitia hati za kutolea mzigo za siku hiyo kuona kama kuna iliyosainiwa bila kuingizwa kwenye kadi, au iliyoingizwa kwa idadi tofauti na iliyopakiwa, kuangalia hati ya mzigo ya lori lililoleta zile 300, kupima mifuko iliyochanika, kuufungasha upya unga ulio safi, na kuandika kilo zilizopotea kwenye fomu ya hasara, kutoa taarifa kwa msimamizi siku hiyohiyo. Aliongeza sentensi iliyompa alama za juu: kwamba hatabadilisha namba ya kwenye kadi ili ilingane na mifuko iliyopo kabla ya kupata idhini ya maandishi. Wasailiwa wengi huandika "nitarekebisha kadi". Kwenye ghala, hiyo ndiyo namna wizi unavyofutwa, hata kama anayerekebisha hana nia mbaya.

Zoezi la kompyuta

Walipewa laptopu na orodha ya mistari 80 ya bidhaa, dakika 30. Wapange kwa tarehe ya kuisha, wajumlishe kila bidhaa, waonyeshe zinazoisha ndani ya siku 90.

Jumla alizipata kwa fomula bila taabu. Tarehe ndizo zilizomwangusha. Laptopu ile ilikuwa imewekwa mpangilio wa Marekani, unaoanza na mwezi, wakati orodha iliandikwa kwa kuanza na siku. Hivyo 03/04, yaani tarehe 3 Aprili, ilisomwa kuwa Machi 4. Na 13/04 haikusomwa kabisa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Programu ikaiacha kama maneno tu. Alipopanga, mistari kadhaa ikarundikana chini nje ya mfuatano, naye akadhani ndizo zinazochelewa kuisha.

Dalili ilikuwa wazi mbele yake. Excel isipoguswa huweka tarehe inayoielewa upande wa kulia wa seli, na maneno upande wa kushoto. Safu moja yenye tarehe zilizokaa pande zote mbili ni safu mbovu. Tiba ni kutenganisha siku, mwezi na mwaka kisha kuviunganisha upya, au kuigeuza safu nzima huku ukiitajia programu mpangilio uliotumika. Ni dakika tatu kwa anayejua. Asiyejua angalau aandike chini ya kazi yake: "Tarehe za mistari hii hazisomeki sawa, zihakikiwe." Msimamizi wa ghala anamtaka mtu wa namna hiyo kuliko aliyewasilisha jedwali safi lenye uongo ndani.

Mbele ya jopo

Jopo lilikuwa la watu watatu: mwenyekiti mzee kidogo kutoka utumishi, mkuu wa ugavi, na afisa wa ulinzi wa wanufaika ambaye kwa sura alikuwa mdogo kuliko T. Aliingia, akamwamkia mwenyekiti shikamoo, wengine akawaambia habari za asubuhi, akasubiri kuambiwa aketi. Hapo hapakuwa na tatizo.

"Karibu binti, tueleze kwa ufupi wewe ni nani," alianza mwenyekiti. T. hakuanza na shule ya msingi. Alisema ni mtu wa ghala, misimu miwili, akataja alichokuwa akikipokea na kukitoa, mfumo wa kumbukumbu aliotumia, na kwa nini anataka kuhama kutoka zao la msimu kwenda bidhaa za mwaka mzima. Dakika moja na nusu, akanyamaza. Kunyamaza nako ni ujuzi.

Mkuu wa ugavi akamuuliza: lori limefika saa kumi na moja jioni, mvua inakuja, dereva anataka umsainie hati sasa hivi aondoke. Swali lilikuja kwa Kiingereza. T. alianza kwa Kiingereza, akaomba kumalizia kwa Kiswahili, akaruhusiwa kwa kuwa tangazo lilitaja lugha zote mbili. Alijibu: mzigo unafunikwa turubai, unashushwa na kuhesabiwa kwa mafungu huku dereva akiangalia, na hati inasainiwa kwa idadi iliyohesabiwa. Kikipungua kitu, tofauti inaandikwa kwenye nakala zote na dereva anaisaini. Ikishindikana kabisa, lori linalala getini likiwa limefungwa kwa lakiri, na msimamizi anapigiwa simu. Hasaini kitu asichokihesabu. Jibu kamili.

Kisha afisa wa ulinzi: "Umesikia mwenzako ghalani anawaomba wakimbizi wa kike 'shukrani' kabla hajawapa sabuni. Unafanyaje, dada?"

T. alijibu kwamba angemwita mwenzake pembeni, amuonye kama ndugu, na akirudia ndipo angemripoti. Afisa akauliza tena: "Ungehakikishaje kuwa ni kweli?" Akasema angewauliza wale wanawake.

Akapata alama 2 kati ya 10, na swali hilo lilikuwa na uzito mara mbili.

Lililofuata lilikuwa la mshahara. T. akasema laki saba na nusu. Mwenyekiti akauliza: kabla ya makato au mkononi? Hakuwa amefikiria. Akasema "kabla", ingawa alichokuwa nacho kichwani ni cha mkononi.

Alimaliza kwa maswali mawili kwa jopo: hesabu ya ghala hufanyika mara ngapi na nani huisimamia, na je, mfumo wa kumbukumbu ni wa karatasi au wa kompyuta. Mkuu wa ugavi alijibu kwa kirefu. Lugha ya Kiha, ambayo ndiyo lugha yake ya nyumbani, haikutajwa na mtu yeyote, naye akiwemo.

Matokeo

Siku nane baadaye T. aliarifiwa kuwa ni wa pili, na jina lake limewekwa kwenye orodha ya akiba. Aliandika barua pepe fupi ya kushukuru na kuomba mrejesho. Shirika likamjibu kwa aya tatu, na ndizo zilizowezesha uchambuzi huu. Maandishi aliongoza. Mahojiano ya ugavi alikuwa juu. Alizidiwa kwa alama tatu na mtu aliyemshinda kwenye swali la ulinzi peke yake. Wiki tatu baadaye wa kwanza akapata kazi kwingine, na T. akapigiwa simu kuripoti.

Uchambuzi

*Swali la ulinzi.* Jibu la T. ni la mtu aliyelelewa vizuri. Nyumbani, mwenzako akikosea unamvuta pembeni, humwaibishi hadharani, na anayekimbilia kusema kwa wakubwa anaitwa mchongezi. Kwenye kazi za misaada adabu hiyo ndiyo inayomkinga mkosaji. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu unyanyasaji wa kingono, zilizotolewa 2003 na kufuatwa na mashirika mengi ya misaada, zinamtaka mtumishi mwenye wasiwasi au shaka juu ya mwenzake aripoti kupitia njia zilizowekwa. Shaka inatosha, ushahidi si kazi yake. Kumuonya mhusika kwanza kunampa nafasi ya kuwatisha wanawake wale au kuficha ushahidi. Kuwahoji kunawaweka hatarini na kuharibu uchunguzi. Jibu lililotakiwa lina vipande vinne tu: ninaripoti leo hii, kwa mtu au njia iliyotajwa na shirika, simwambii mhusika wala wenzangu, sichunguzi mwenyewe. Na usalama wa walioathirika unatajwa kabla ya jina la shirika. Mtu hawezi kulikisia jibu hili kwa busara ya kawaida, anatakiwa alisome. Kanuni za maadili za mashirika mengi ziko wazi kwenye tovuti zao, na kuzisoma kungemchukua T. nusu saa kati ya siku tano alizokuwa nazo.

Inafaa kusema pia kwamba jedwali lake la safu tatu, pamoja na uzuri wake, ndilo lililomficha. Lilichukua majukumu saba na kuacha mstari wa mwisho wa tangazo, kwa kuwa haukuandikwa kama jukumu. Jedwali la namna hiyo liwe na mstari kwa kila sentensi ya tangazo, si kwa orodha ya majukumu tu.

*Kiha.* Tangazo lilitaja Kirundi. Kiha na Kirundi ni lugha za jirani sana, kiasi kwamba Muha na Mrundi huelewana wakizungumza kila mmoja kwa yake. T. anazungumza Kiha tangu utoto, na kwenye CV aliandika Kiswahili na Kiingereza tu. Ni kosa la kawaida mno kwa vijana wa Kigoma: lugha ya nyumbani haihesabiwi kuwa ujuzi. Asingepaswa kudai kuwa anajua Kirundi, maana angeweza kujaribiwa palepale. Ilitosha kuandika "Kiha (fasaha), naelewana na wazungumzaji wa Kirundi".

*Mshahara.* Makato yakokotolewe kabla ya kuingia. Kwa viwango vya kodi vilivyotumika wakati huo, mshahara wa 900,000 ulikatwa 90,000 ya NSSF na 80,500 ya kodi, ukabaki 729,500 mkononi. Mshahara wa 750,000, ile namba aliyoitamka T., ulibaki 624,000. Alikuwa anajipunja zaidi ya laki moja kila mwezi. Bahati yake ngazi ya mshahara wa nafasi ile ilikuwa imeshapangwa, na jibu lake halikubadilisha kitu.

*Wadhamini.* Jambo hili lilikaribia kumnyima hata ile nafasi ya pili. Shirika lilipowapigia, katibu wa ushirika alisema tu kuwa ni "binti mzuri, mwaminifu". Hakukumbuka miezi wala miaka. Mhadhiri wake hakupatikana, namba ilikuwa ya zamani. T. hakuwa amewaambia kwamba watapigiwa. Mdhamini anatakiwa apate ujumbe mapema wenye mambo matano: cheo kinachoombwa, jina la taasisi, tarehe ulizofanya kazi naye, kazi mbili au tatu unazoomba azitaje, na siku ambayo simu huenda ikaingia. Kijijini ambako mtandao unakamata ukipanda kilimani, ongeza namba ya pili.

Kuhusu tarehe za Excel hakuna la kuongeza, isipokuwa kwamba T. alipoanza kazi, kitu cha kwanza alichokabidhiwa kilikuwa orodha hiyohiyo ya unga wa lishe, ikiwa bado na safu iliyokaa pande mbili.